Mkalimani Mpya katika Kompyuta Kuukuu

Mkalimani na mfasiri hufanya kazi zinazokaribiana lakini zisizo sawa, kwa kuwa mkalimani husimama kati ya wasemaji wawili na kuhamisha maneno sentensi kwa sentensi huku mazungumzo yakiendelea, ilhali mfasiri hulichukua andiko zima na kulimaliza ndipo msomaji alipate. Tofauti hiyo inafahamika vyema Gisenyi, mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ambako Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa hupishana kila siku kwenye mpaka na Goma. Ndiyo tofauti inayozigawa programu mbili ambazo bila mojawapo kompyuta haiwezi kuelewa maagizo yaliyoandikwa na mwanadamu. Programu iitwayo mkalimani huyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza papo hapo, na programu iitwayo kompaila huyageuza yote kwa pamoja kuwa lugha ya mashine, yaani mfululizo wa tarakimu ambao prosesa, kiini cha kompyuta, huutekeleza moja kwa moja.

Lugha kama Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, humtegemea mkalimani, lakini mkalimani wake mkuu mwenyewe ameandikwa kwa lugha ya C, ambayo hupitia kwa kompaila. Kumjenga mkalimani kutoka chanzo, basi, ni kuchukua msimbo chanzo, yaani maandishi ya C yaliyoandikwa na watunzi wake, na kuyapitisha kwenye kompaila ya kompyuta ileile itakayomtumia. Watumiaji wengi hawaifanyi kazi hiyo, kwa sababu hupakua programu iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine kwa ajili ya mashine zilizo nyingi sokoni.

Ugumu huanza pale mashine inapoachwa nyuma na soko. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 mfumo huo hauhudumiwi tena. Kwa upande wa Linux, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuja na kisakinishi cha prosesa za biti 32 za kompyuta za kawaida za mezani, nayo ina Python 3.11, kwa hiyo mwalimu mwenye kompyuta za mezani za aina hiyo akihitaji toleo jipya zaidi hulazimika kulijenga mwenyewe. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu zilizojengwa tayari hutumia amri ambazo prosesa za zamani hazina, zikazimika mara tu zinapofunguliwa, ilhali kompaila inayofanya kazi ndani ya mashine husika inaweza kutumia zile tu ambazo prosesa yake inazifahamu.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Kwanza hupakuliwa furushi la msimbo chanzo, ambalo kwa Python lina megabaiti kati ya 20 na 30, na ambalo likipakuliwa mara moja linaweza kuhamishwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta zote za maabara bila kulipia tena intaneti. Kisha huendeshwa hati iitwayo configure, ambayo huikagua mashine ili kujua ina kompaila gani na maktaba zipi, maktaba zikiwa ni mikusanyo ya misimbo ambayo programu nyingi huitumia kwa pamoja. Baada ya hapo programu iitwayo make huita kompaila kwa kila faili na kuunganisha matokeo, na mwishoni amri ya make altinstall humweka mkalimani mpya bila kumwondoa yule wa zamani ambaye mfumo endeshi unamtegemea. Maktaba ikikosekana, kwa mfano ile ya mawasiliano ya siri, mara nyingi ujenzi hausimami, bali Python huzaliwa na upungufu. Kwa hiyo orodha ya sehemu zilizoshindikana, inayoandikwa mwishoni mwa ujenzi, isipuuzwe.

Kompyuta kuukuu huongeza matatizo yake, na la kwanza hutokana na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, ambayo ikiisha saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapozimwa. Kwa kuwa make huamua faili ipi ijengwe kwa kulinganisha nyakati ambazo faili zilibadilishwa, saa isiyo sahihi huifanya irudie kazi iliyokwisha au iiruke isiyofanyika, na tiba yake ni kubadilisha betri na kurekebisha tarehe kabla ya kuanza. Ulinganisho huohuo, hata hivyo, ni msaada umeme unapokatika, kwa sababu make ikiitwa tena huendelea kutoka ilipofikia, ingawa faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo yafaa ifutwe. Pale kumbukumbu ya muda inapokuwa ndogo, ni busara kujenga faili moja baada ya nyingine, na kuacha chaguo la kuongeza kasi ya Python, kwani chaguo hilo humjenga mkalimani, humfanyisha majaribio, kisha humjenga upya.

Kwa mashine dhaifu zaidi ipo Lua, lugha iliyozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazili, baada ya miaka ambayo nchi hiyo iliwekea vizuizi programu na mitambo ya kompyuta kutoka nje, hata wataalamu wake wakazoea kujitengenezea vifaa. Msimbo wake wote ni mistari ya C ipatayo 30,000, na furushi lake halifikii hata megabaiti moja.

Rwanda si ngeni kwa fikra ya kujifunza programu kwa kuona msimbo wake, hata kwenye mashine dhaifu. Kompyuta mpakato ndogo za watoto ziitwazo XO, zilizoanza kugawiwa shuleni mwaka 2008, zilikuwa na megabaiti 256 tu za kumbukumbu, mazingira yake ya kujifunzia yaliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Python, na kibodi yake ilikuwa na kitufe kilichokusudiwa kumwonyesha mtoto msimbo wa programu anayoitumia. Katika Wilaya ya Nyabihu, inayopakana na Rubavu, Rwanda Coding Academy imekuwa ikifundisha vijana uandishi wa programu tangu mwaka 2019. Faida kubwa ya kujenga kutoka chanzo ni hiyo ya kielimu, kwa kuwa mwanafunzi aliyeziona hatua zote huacha kumchukulia mkalimani kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

Mipaka nayo ipo, kwani mkalimani mpya hauponyi mfumo endeshi uliokwisha kuachwa bila marekebisho ya usalama, na mashine ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti. Lakini kabla kompyuta ya maabara haijaandikwa kuwa taka na kupelekwa kwenye kituo cha Bugesera kinachochakata taka za kielektroniki, inafaa ipimwe kwa Lua: ikiwa make itafika mwisho na make test ikaandika toleo la lugha hiyo kwenye skrini, kompyuta hiyo bado inafaa kufundishia.