Mabaka ya rangi ya chai na mboni ya mtoto

Mtoto akisoma madrasa huku juzuu imekaribia kugusa pua, sisi husema ana uvivu. Akijigonga kwenye meza nyumbani, twasema mtundu. Ni nadra kujiuliza: je, huyu mtoto anaona?

Nataka tuzungumzie maradhi ambayo wazazi wengi hatuyajui kwa jina, ingawa dalili yake twaiona kila tunapowaogesha watoto. Ni mabaka bapa ya rangi ya chai ya maziwa mwilini. Baka moja au mawili si neno. Lakini yakifika sita au zaidi, na kila moja likizidi milimita 5, yaweza kuwa ishara ya neurofaibromatosisi aina ya 1. Mtoto 1 katika takriban 3,000 huzaliwa nayo. Karibu nusu yao hurithi kwa mzazi. Wengine huanza wao katika ukoo. Si uchawi, si jicho la hasidi, wala mama hakukosea alipokuwa mjamzito.

Katika kila watoto 100 wenye maradhi haya, 15 hadi 20 hivi huota uvimbe kwenye mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo, aghalabu kabla ya kutimiza miaka 7. Uvimbe huo hukua polepole na wengi hawahitaji hata dawa. Kwa baadhi, hata hivyo, huubana mshipa hadi uoni unapungua.

Shida ni kuujua mapema. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusoma herufi za ukutani, wala hatakwambia kuwa haoni, kwa sababu hajui wengine wanaonaje. Picha ya MRI huonyesha ukubwa wa uvimbe, lakini haisemi mtoto anaona kiasi gani.

Hapo ndipo inapoingia OCT, mashine inayopiga picha ya retina, yaani ukuta wa nyuma wa jicho, kwa mwanga tu, bila miale ya eksirei. Hupima unene wa nyuzi za mshipa, ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuzi zikikonda, daktari ajua mshipa unaumia. Huko Marekani, Daktari Robert Avery na wenzake walitumia OCT ya kushikwa mkononi kuwapima watoto wadogo wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi kwa ajili ya MRI, wakaona kukonda huko kunaendana na kupotea kwa uoni.

OCT haichukui nafasi ya MRI, bali husaidia kuamua nani aanze matibabu. Na haraka ina maana yake: tiba kwa kawaida hulinda uoni uliobaki, ni mara chache kurudisha uliokwenda.

Basi mzazi, hesabu mabaka. Ukiyakuta, muulize daktari wa watoto, na mtoto apimwe macho kila mwaka hata kama halalamiki. Makengeza ya ghafla, jicho linalotokeza nje, au mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, usingoje mwaka: nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Dua tuombe, na hospitali twende. Mtume (SAW) alituhimiza kutafuta dawa, na mtoto ni amana.