Uganda: Mradi mmoja, masomo mengi, na cheti hatarini

Tangu mwaka 2020, shule za sekondari nchini Uganda zimekuwa zikitumia mtaala unaomtaka mwanafunzi kuunganisha masomo mbalimbali ili kutatua tatizo la jamii yake.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa mfano, wanafunzi wanaweza kuchunguza maji ya ziwa lenye jina hilo: jiografia ieleze yanakotoka, kemia jinsi ya kuyasafisha, hisabati gharama kwa kila kaya, na Kiswahili kitumike kuandika ripoti. Wenzao wa Bwizibwera, mji mdogo ulio nje ya jiji la Mbarara, wanaweza kuchunguza ng'ombe wa maziwa au kilimo cha ndizi.

Tathmini ya shuleni huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Mtihani wa taifa, uliofanyika kwa mara ya kwanza chini ya mtaala huo mwaka 2024, asilimia 80. Mtahiniwa asiye na alama za shuleni au za mradi hukosa cheti.

Kwa hiyo mzazi anayemhamisha mwanawe kutoka Nakivale kwenda Mbarara hana budi kuhakikisha kwamba kumbukumbu za alama hizo zinahamishwa pamoja naye.