Mkusanyiko wa Kwaza na Kipimo cha Unasibu

Tangu Maarten Schmidt alipobaini mwaka 1963 kuwa 3C 273 si nyota bali ni kiini angavu cha galaksi ya mbali, kwaza zimetumika kuchunguza umbo la ulimwengu. Swali la kitakwimu ni hili: je, zimekaribiana kuliko ambavyo bahati pekee ingezikaribisha?

Ili kulijibu, mtafiti huhesabu jozi za kwaza zilizotengana kwa umbali fulani, kisha huhesabu jozi za umbali huohuo katika orodha bandia ya nukta zilizotawanywa kinasibu. Baada ya kusawazisha idadi ya nukta, hesabu ya kwanza hugawanywa kwa ya pili na kutolewa moja. Jibu likiwa sifuri, hakuna mkusanyiko. Landy na Szalay (1993) waliongeza jozi mseto, yaani nukta moja halisi na moja bandia, na makosa ya kipimo yakapungua sana.

Ugumu haumo katika kanuni hiyo, bali katika orodha bandia. Ni lazima ibebe kasoro zote za uchunguzi halisi, likiwemo vumbi la galaksi yetu linaloziba baadhi ya sehemu za anga. Katika uchunguzi wa Sloan, nyuzi mbili za kupokelea mwanga hazikuweza kuwekwa karibu kuliko sekunde 55 za tao kwenye bamba moja. Hivyo baadhi ya jozi za karibu zilipotea kabla ya kuhesabiwa.

Mwaka 2013 Roger Clowes na wenzake walitangaza kundi la kwaza 73, lenye urefu wa takribani megaparseki 1,240. Dai hilo liligusa msingi wenyewe wa kosmolojia, unaoshikilia kuwa ulimwengu ukitazamwa kwa mapana hufanana kila mahali. Kundi lilipatikana kwa kuunganisha kila kwaza na jirani yake aliye ndani ya umbali uliowekwa. Mwaka huohuo Seshadri Nadathur alionyesha kuwa mbinu hiyo, ikitumiwa kwenye nukta za kinasibu tupu, huzaa makundi makubwa kiasi hicho. Kwa maoni yangu, hoja hiyo ina uzito kuliko urefu wowote uliotangazwa: mnyororo wa majirani hurefuka wenyewe umbali wa kuunganisha ukilegezwa.

Ushahidi ulio imara ni wa kadiri ndogo zaidi. Uchunguzi wa 2dF, uliopima kwaza zaidi ya 20,000, ulionyesha mkusanyiko wenye nguvu katika megaparseki chache, unaofifia haraka umbali unapoongezeka.