Ni Watu wa Namna Gani Wanaoishi na VVU?

Kila darsa letu linapogusa maradhi ya UKIMWI, wanafunzi huuliza: ni watu wa namna gani hasa wanaoyapata? Jibu lililo tayari vinywani mwa wengi ni wahuni, au masikini wasiosoma. Tuangalie yaliyotokea nchini mwetu.

Wagonjwa watatu wa mwanzo walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliyaita maradhi hayo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Yaani waliyahusisha na biashara, safari na fedha, wala si ufukara. Na utafiti wa kitaifa wa 2003-04, uliokuta asilimia 7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wana virusi, ulionesha maambukizi ni mengi zaidi kwa wenye uwezo kuliko kwa masikini. Mwenye fedha husafiri, hulala mbali na familia yake, na hupata anayemtaka.

Umasikini nao una mlango wake. Binti asiye na nauli wala daftari hudanganywa na mtu mzima mwenye pikipiki. Mke anayelishwa na mumewe huona haya, au huogopa, kumwambia wakapime. Utafiti wa 2022-23 ulikuta asilimia 5.6 ya wanawake wana VVU, na wanaume asilimia 3.0. Miongoni mwa wanawake hao wapo walioolewa wakatulia majumbani mwao, maradhi yakaletwa na mume. Huyo naye tumwite mhuni?

Njombe ndiko kuliko na maambukizi makubwa, asilimia 12.7 katika utafiti huo. Ni mkoa wa mashamba ya chai na mbao, wenye vibarua wa kuja na kuondoka, na barabara kuu ya Zambia inapita Makambako. Lindi yetu, mwaka 2016-17, ilikutwa chini ya asilimia 1. Wapo wanaosema ni uchamungu wetu. Allah ndiye ajuaye nyoyo, lakini tusiisahau tohara: majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini yalionesha inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Inapunguza tu, haizuii. Tena zamani Rufiji ilivukwa kwa kivuko. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na sasa wanunuzi wa ufuta na korosho, pamoja na madereva wa malori, wanapita Kiranjeranje.

Anayedhani maradhi humfichua mtu alivyo akumbuke tauni ya Amwas, mwaka 18 Hijria. Iliwachukua Abu Ubayda bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal, radhi za Allah ziwe juu yao.

Kisha wapo waliozaliwa na VVU. Mtoto wa namna hiyo hana safari aliyofanya wala fedha aliyotumia. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure tangu 2004. Akizimeza kila siku anasoma, anacheza na anakua kama wenzake. Kukaa naye mkeka mmoja, kunywa naye kikombe kimoja au kushika juzuu aliyoishika hakuambukizi. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumbagua, na mhudumu wa afya haruhusiwi kutangaza majibu yake. Akimweleza siri hiyo mwalimu au rafiki, ni amana.