"Ntaba Iko Nguvu": Wateja wa Nganda Wanasema Nini Hasa?

Leo siandiki juu ya kazi za mashirika wala mitihani ya kuingia serikalini. Nataka tuzungumze juu ya ntaba, yaani mbuzi wa kuchoma, na juu ya maneno ya wateja wakishamla. Msicheke. Mmoja wetu, mwenye diploma yake ya ekonomia, ameweka zamu yake yote ya likelemba kwenye nganda ndogo hapa Makiso: meza chache, jiko la makala, kijana mmoja wa kuchoma na wahudumu wawili. Zamu ikishaliwa, bado unadaiwa kuchangia wenzako kila mwezi mpaka mzunguko uishe. Na wateja walianza kupungua. Alikuwa karibu kumfukuza yule kijana kwa sababu watu wanasema nyama yake "iko nguvu". Kabla ya kufika huko alituomba, mimi na mwenzangu mmoja, tukae pale jioni kadhaa tusikilize watu. Haya ndiyo niliyoelewa, na nadhani yatamsaidia yeyote kati yenu anayefikiria kuuza chakula, au anayekula tu.

Kwanza, mteja wa Kisangani hamwambii mwenye nganda ukweli usoni. Yaya akipita mezani na kuuliza, "Chakula iko muzuri?", jibu ni moja: "Iko muzuri sana yaya, aksanti." Nani atamwambia mama wa watu, mbele ya wageni wake, kwamba mbuzi wake amemchosha taya? Ni adabu, na mimi siilaumu. Lakini mtu huyo huyo akipanda pikipiki ya kurudi Mangobo anamweleza dereva yote, na usiku anaweka picha ya mfupa kwenye WhatsApp. Mwenye nganda ndiye wa mwisho kujua.

Kwa hiyo tuliacha kuuliza, tukaanza kuangalia sahani zinaporudi jikoni. Kwanga imekwisha. Makemba yamekwisha. Pilipili imepanguswa mpaka karatasi ya kaki inang'aa. Mifupa ya mbavu ni mieupe, safi. Vipande vya paja vimetafunwa upande mmoja na kuachwa. Hapo tayari kuna habari ambayo hakuna mteja aliyeitoa kwa mdomo. Tukabadilisha pia swali. Badala ya "iko muzuri?", wahudumu wakauliza: "Siku ingine tukuletee kipande gani?" Watu wakafunguka. "Leta mbavu, paja hapana." "Paja lile la mchana lilikuwa nguvu, la usiku afazali kidogo." Angalieni: hawa hawamsemi vibaya mchomaji. Wanataja kipande na saa. Mkono uliochoma mbavu ndio uliochoma paja, na moto ni ule ule.

Sasa sababu. Mnyama akichinjwa, misuli yake inabaki laini kwa muda mfupi, halafu ndani ya saa chache inakaza. Inalegea tena polepole, na kwenye baridi ya friji hiyo inachukua siku nzima au zaidi. Mbuzi wa pale anachinjwa asubuhi, na mchana paja lake liko juu ya makala, yaani linachomwa wakati limekaza kabisa. La usiku limepumzika kidogo, ndiyo maana yule mteja aliona tofauti. Ongezeni kwamba paja na bega ni viungo vinavyofanya kazi siku zote, vimejaa nyuzi ngumu zinazolainika kwa moto mdogo wa muda mrefu. Ukizipiga na moto mkali zinajikunja na kukamua maji yote ya nyama. Mbavu ni nyembamba, zina mafuta, moto mkali unazifaa.

Lakini sikilizeni sifa ambayo wateja hao hao wanatoa: "Hapa nyama ni ya leo, haijalala." Wanaosifu na wanaolalamika wanazungumza juu ya jambo moja! Nyama haijalala, ndiyo maana tunaiamini, na ndiyo maana ni ngumu. Mwenye nganda akisikia malalamiko peke yake atanunua friji kubwa alaze nyama. Katika mji huu? Friji inayozima nusu ya usiku ni kabati tu, tena kabati lenye joto.

Na hapo nifungue mabano juu ya kuku, kwa sababu yeye ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko mbuzi. Mapaja ya kuku wa barafu yanasifiwa na kila mtu: laini, bei nafuu, yanaiva haraka. Hakuna aliyeyalalamikia. Kumbe kuku huyo amekuja kutoka nje ya nchi akiwa ameganda, na anategemea umeme mpaka siku ya kuliwa. Umeme ukikatika anayeyuka, ukirudi anaganda tena, na kila mzunguko unawapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Halafu mteja mwenye haraka anapiga kelele, kuku anatolewa motoni akiwa mwekundu karibu na mfupa. Ulimi hauwezi kutambua hilo kwa sababu pilipili na kitunguu vinafunika. Nyama ngumu itakuchosha taya tu, lakini kuku aliyeyeyuka mara mbili anaweza kukulaza hospitalini. Maoni ya wateja yanapima ladha na upole wa nyama. Usalama hawauoni, ni kazi ya mwenye jiko kuulinda hata kama hakuna anayemshukuru. Kwa hiyo kuku anunuliwe wa siku moja tu, akiyeyuka asirudi kwenye barafu, na atoke motoni pale maji yake karibu na mfupa yanapokuwa meupe, hata mteja akinuna.

Juu ya kungoja sitasema mengi. "Banakawia" ni neno utakalolisikia katika kila nganda kuanzia hapa mpaka Lubunga. Tuliona tu kwamba wanaolalamika hasa ni wale ambao chupa yao imekwisha, au wasiokunywa pombe kabisa, kama mama aliyekuja na watoto kutoka kanisani. Mwenye Primus baridi mbele yake hahesabu dakika. Basi wasiokunywa wapelekewe makemba kwanza, na waambiwe ukweli: nyama itachukua muda fulani. Mtu akijua anangoja nini, anatulia.

Jambo lililowachoma wateja zaidi, na ambalo mwenzetu hakulitarajia, ni hesabu. Hapa kwetu ntaba inauzwa kwa macho: unaonyesha kipande, unataja pesa uliyo nayo, kisu kinashuka. Kipande kinaenda motoni, kinarudi kimekatwakatwa ndani ya karatasi, na kimesinyaa. Nyama ikichomwa inapoteza maji na mafuta, uzito unapungua sana, na paja likikazwa na moto mkali linapungua zaidi. Mteja hajui hayo. Anachoona ni kipande kikubwa kilichoondoka na fungu dogo lililorudi, na katikati kuna mtu mwenye kisu. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Mbuzi wangu alikuwa na miguu mine, amerudi na mbili." Meza nzima ilicheka. Yeye hakucheka, na sikumuona tena.

Halafu inakuja bei yenyewe. Imefikiriwa kwa dola, inalipwa kwa falanga, na kiwango cha dola kinabadilika. Ng'ombe wengi tunaowala hapa wanatoka upande wa Ituri, na kutoka Bunia ni karibu kilomita 700 za barabara, katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021. Njia ikiharibika au ikifungwa, nyama ya ng'ombe inapanda, watu wanakimbilia mbuzi, na mbuzi naye anapanda. Mwenye nganda hataki kupandisha bei, anapunguza kipande. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Bei iliyopanda inaweza kuelezwa. Kipande kilichopungua kimya kimya hakina maelezo, na mteja anahisi ameibiwa hata pale ambapo hakuna aliyemwibia.

Wenzetu wa Nairobi walilitatua hili zamani. Pale Kenyatta Market unachagua nyama mbichi ikiwa inaning'inia, inapimwa kwa kilo mbele yako, unajua unalipa nini, ndipo inakwenda motoni. Ikirudi imesinyaa hakuna ugomvi, kwa sababu bei ilikuwa ya nyama mbichi na uliiona mshale wa mzani kwa macho yako. Mtu anaweza kulalamika kuhusu chumvi, lakini kuhusu uaminifu hapana.

Tulimpelekea mwenzetu haya yote akiwa amekwisha kupata kijana mwingine wa kuchukua nafasi ya mchomaji. Tulibishana naye karibu usiku mzima. Alisema, na ana haki, kwamba likelemba haingojei sayansi. Mwisho alikubali kumpa kijana mwezi mmoja, kwa masharti. Mbavu tu ndizo zinazochomwa mchana. Paja linangoja usiku, linakatwa vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi, linapakwa papai bichi lililosagwa na tangawizi kwa muda mfupi (ukilisahau usiku kucha nyama inakuwa uji), na linachomwa pembeni ya makala, si juu yake. Bega linachemshwa polepole kwanza. Hapa kijana mwenyewe alikataa, akasema mbuzi wa kuchemsha si ntaba, na wateja watamcheka. Wakakubaliana bega liende kwenye mchuzi wa kula na lituma.

Mzani ulinunuliwa sokoni juma lililofuata. Siku ya kwanza wateja waliuona wakadhani bei imepanda, wawili wakaondoka. Siku ya tatu kuna aliyeomba kipande chake kipimwe mara ya pili, kikapimwa, akaagiza kingine. Paja bado lina maneno, ingawa sahani zinarudi na mifupa iliyo safi kidogo kuliko zamani. Mchango wa mwezi huu ameulipa. Wa mwezi ujao tutaona, na kijana bado anachoma.