Anayetembea Nyuma: Safari ya Siku Moja hadi Mandara na Afya ya Kundi

Njia ya Marangu katika Mlima Kilimanjaro hufahamika zaidi kwa safari ya siku tano au sita ya watu wanaokusudia kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, kipande chake cha kwanza, kutoka lango la hifadhi hadi kituo cha Mandara, kina wasafiri wa namna nyingine: wanakwaya, walimu wa shule moja, majirani, wafanyakazi wa ofisi moja, ambao huondoka Moshi alfajiri na kurudi kulala vitandani mwao. Ni kilomita nane hivi za kupanda ndani ya msitu, chakula cha mchana mbele ya vibanda, pengine robo saa zaidi hadi ukingo wa shimo la kale la volkano liitwalo Maundi, kisha kilomita zilezile za kuteremka.

Kwa kuwa safari ni fupi, maandalizi yake nayo huwa mafupi. Marafiki hukaguana viatu na makoti ya mvua, huchanga fedha za kiingilio na za mwongozaji, hugawana nani atabeba ndizi na nani atabeba chupa za chai. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: nani kati yetu anatumia dawa, na ni dawa gani?

Chukulia kundi la watu tisa. Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61. Wengine wengi waliwahi kuwa wanafunzi wake, na hadi leo humwamkia “Shikamoo, Mwalimu” kabla ya neno lingine lolote. Ana kisukari cha aina ya pili, anameza glibenklamidi kila asubuhi, na pia atenololi kwa ajili ya shinikizo la damu. Wenzake hawajui. Hakuwaambia kwa sababu anayoijua kila mhudumu wa kliniki ya kisukari: hataki kuwa mzigo, na anaogopa kuambiwa abaki langoni. Asubuhi hiyo amemeza vidonge vyake kama kawaida, lakini kwa haraka ya kuwahi gari amekunywa chai tupu.

Saa mbili za kwanza hana shida. Msitu ni wa baridi na unyevu, mbega wanaonekana juu ya miti, na mwongozaji anarudia neno ambalo waongozaji wa mlima huo wamelieneza duniani kote: polepole. Baadaye vijana wanaanza kuvuta mwendo. Kundi linanyooka kama kamba. Wa mbele hawaoni wa nyuma. Mwalimu anatoka jasho jembamba, anasimama mara kwa mara, anajibu kwa ukali anapoulizwa. “Tangulieni tu, nitawakuta,” anasema. Wanatangulia, kwa heshima.

Hapa ndipo safari nyepesi inapoweza kugeuka kuwa ya machela.

Kilimanjaro ina desturi ya kubebeshwa lawama za kila dalili. Mtu akiumwa kichwa, ni mwinuko. Akichoka, ni mwinuko. Akizungumza maneno yasiyoeleweka, ni mwinuko. Ni kweli kwamba hewa hupungua. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, hubaki asilimia 21, lakini kani ya hewa hushuka: Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, kani hiyo ni kama asilimia 72 ya ile ya pwani, na kileleni ni takriban nusu. Ndiyo maana mtu mzima wa afya hupumua kwa kasi zaidi akifika Mandara, na moyo wake hupiga haraka zaidi kuliko ambavyo ungepiga kwenye mteremko wa namna ileile kule Lushoto.

Lakini ugonjwa wa mwinuko una saa zake. Kwa kawaida hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kufika juu, mara nyingi usiku wa kwanza, na huwapata zaidi wanaolala juu ya mita 2,500. Msafiri wa siku moja hukaa Mandara saa moja au mbili, kisha huteremka. Kabla ugonjwa haujapata nafasi, yeye yuko Moshi. Kwa hiyo kichwa kinachouma njiani kuelekea Mandara mara nyingi kina sababu za karibu zaidi: maji kidogo, njaa, usingizi mfupi, au jua. Na mtu anayechanganyikiwa akiwa kwenye mita 2,400 hapaswi kusingiziwa mlima hata kidogo. Sababu itafutwe mara moja, na ya kwanza kufikiriwa ni sukari.

Misuli inayofanya kazi huchota sukari kwenye damu bila kungoja insulini iliyoongezwa. Glibenklamidi nayo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata pale mtu asipokula. Vitu hivyo viwili vikikutana na tumbo tupu, sukari hushuka. Dalili za onyo ni kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, jasho, kisha hasira, uzito wa ulimi na kuchanganyikiwa. Atenololi, kama dawa nyingine za kundi lake, huweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo, jasho hubaki. Jasho jembamba kwenye msitu wa baridi, kwa mtu aliyesimama, ni taarifa ambayo rafiki anayejua angeisoma kwa dakika moja. Asiyejua humwona mzee aliyechoka.

Nini kifanyike hapo? Kundi lisimame lote. Mgonjwa akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chokoleti na karanga havifai kwa dharura hii, kwa kuwa mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Baada ya dakika 15 apimwe tena kama kipimo kipo; ikiwa bado iko chini ya milimoli 4 kwa lita, arudie kiasi kilekile, kisha ale chakula cha kukaa tumboni kama ndizi na mkate. Akipoteza fahamu, asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na msaada wa askari wa hifadhi uitwe bila kungoja.

Jambo moja husahaulika hata na wahudumu wa afya. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Mtu aliyezinduka kwa soda anaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo safari yake ya kupanda imekwisha siku hiyo, hata kama anasema yuko sawa, naye ateremshwe akiwa na watu na kupelekwa hospitali ili aangaliwe. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa kundi la marafiki. Kugeuza watu tisa waliochanga fedha zao, wakiwa wamebakiza kilomita mbili tu, kunahitaji mapatano yaliyofanywa kabla ya kuondoka, si mabishano ya njiani. Makundi yenye busara hupanga mapema nani atarudi na nani, na humtaja mtu mmoja atakayetembea wa mwisho siku nzima bila kumpita yeyote.

Mtembea nyuma huyo ana kipimo chake kisichohitaji chombo. Mtu anayekwenda kwa nguvu ya wastani anaweza kuzungumza sentensi nzima, ingawa hawezi kuimba. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, mwendo ni mkubwa mno kwake, na kundi lote lipunguze. Kijana wa mbele atalalamika, na alalamike.

Yote haya hayamaanishi kwamba mwenye kisukari abaki langoni. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya nguvu ya wastani kila wiki, wakiwemo wanaoishi na maradhi sugu, na siku moja ya Mandara hulipa deni hilo kwa mkupuo, ingawa mwili hupenda zaidi malipo ya kidogokidogo. Kutembea huufanya mwili uitumie insulini vizuri zaidi na husaidia kushusha shinikizo la damu. Kinachohitajika ni wiki moja au mbili za kuzungumza na kliniki. Wapo watakaopunguziwa dozi ya asubuhi hiyo. Wapo, kama wanaotumia metfomini peke yake, ambao hatari yao ya kushuka sukari ni ndogo. Uamuzi huo ni wa mtoa tiba, si wa mgonjwa kwenye kituo cha basi. Kabla ya kuanza kupanda, anayetumia insulini au glibenklamidi apime; akiwa chini ya milimoli 5, ale kwanza. Anayejidunga asidunge pajani asubuhi ya safari, kwa sababu mguu unaofanya kazi hunyonya insulini haraka. Na mwenye ganzi miguuni avue viatu Mandara akague nyayo zake kwa macho, kwani lengelenge asilolihisi ndilo linaloweza kuwa kidonda.

Kwa wenye shinikizo la damu, kosa la kawaida ni kuacha dawa ya kukojosha asubuhi ya safari kwa kuona haya ya kuingia vichakani. Heri kumwambia mwongozaji. Vyoo vipo langoni na Mandara, na msitu haujawahi kumcheka mtu. Maumivu ya kifua yanayokuja wakati wa kupanda na kupoa mtu akisimama ni amri ya kurudi.

Selimundu ni habari nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani, kwa hiyo uwezekano wa kuwa na mmoja wao katika kundi si wa kubahatisha. Hewa pungufu, baridi, maji kidogo na uchovu, kila kimoja huweza kuamsha maumivu makali, na Mandara huvikusanya vyote vinne. Mgonjwa wa selimundu asiende bila ushauri wa daktari wake, na kwa wengi jibu la kweli litakuwa kutafuta matembezi ya chini, kwenye vijiji na maporomoko ya maji ya Marangu, ambako marafiki wanaweza kumfuata yeye.

Kliniki nazo zina swali la kubadilisha. “Unafanya mazoezi?” hujibiwa “ndiyo, kidogo,” na mazungumzo hufungwa hapo. Muuguzi akiuliza, “Mama, kuna safari, harusi au kazi ya shamba inayokuja mwezi huu?” hupata habari ya Mandara, na hapohapo hupata nafasi ya kuuliza nani atakuwa pamoja naye na kama mtu huyo anajua mahali sukari ilipowekwa kwenye begi. Mgonjwa halazimiki kulitangazia kundi zima maradhi yake. Hiyo ni siri yake na sheria humlinda. Mtu mmoja au wawili wanatosha, akiwemo yule atakayetembea nyuma.

Kuteremka huchukua saa mbili na zaidi, na magoti huumia kuliko wakati wa kupanda, kwa kuwa misuli ya paja hukaza huku ikivutwa. Fimbo husaidia. Jioni, katika basi dogo la kurudi Moshi, wengi husinzia, na kwa mwenye kisukari safari haijamalizika: misuli huendelea kuchota sukari hadi saa 24 baada ya mwendo mrefu, ikirudisha akiba iliyotumika. Chakula cha usiku kiwe kamili. Apime kabla ya kulala, na aliye naye nyumbani aelezwe kwamba jasho la usiku wa manane au ndoto za vurugu ni sababu ya kumwamsha na kumpima tena.