Masika ya Meru hunyesha Oktoba

Majuzi mpwa wangu wa Gredi ya Sita alinijia na karatasi ya mtihani mkononi, uso umemkunjamana. Swali lilikuwa rahisi: taja majira yenye mvua nyingi zaidi. Yeye aliandika "vuli". Mwalimu akaweka alama ya kosa na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: "masika".

"Lakini anko," akaniuliza, "si hapa kwetu mvua kubwa ni ile ya Novemba?"

Kwao ni Meru, mlimani, upande wa Imenti. Nilifungua kinywa nimtetee mwalimu, nikakifunga. Kitabu kinampa mwalimu haki. Mtoto naye amepewa haki na mvua yenyewe. Nimekaa na kitendawili hiki wiki nzima, na leo nakuletea msomaji yale niliyoyapata.

Tuanze na kamusi. Kamusi zetu hukubaliana kwamba masika ni majira ya mvua nyingi, takriban Machi hadi Mei, na kwamba vuli ni mvua ndogo za kuelekea mwisho wa mwaka. Maelezo hayo hayana kosa, mradi uwe umesimama Mombasa au Pemba. Mombasa mvua hufikia kilele mwezi wa Mei, na ile ya Oktoba na Novemba ni ndogo ikilinganishwa nayo. Majina ya majira ya Kiswahili yalizaliwa pwani, miongoni mwa watu waliotazama upepo kabla ya kutazama shamba. Kaskazi, kabla haijatupa jina la upande wa dunia, ilikuwa pepo iletayo majahazi kutoka Arabuni. Kusi ilikuwa pepo ya kuyarudisha. Hata neno "msimu" lina asili ya Kiarabu, "mawsim", na neno hilohilo ndilo lililowafikia Waingereza kupitia kwa Wareno wakapata "monsoon". Kwa ufupi, kalenda yetu ya majira ni ya mabaharia.

Sasa ichukue kalenda hiyo, uipandishe hadi Mlima Kenya. Ikweta hupita kusini kidogo ya mji wa Meru, kwenye barabara ya kwenda Embu. Jua hupita juu ya mstari huo mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tuna misimu miwili ya mvua. Hata hivyo, mlima wenye kimo cha mita 5,199 haukai kimya mbele ya upepo. Kuanzia Oktoba, upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huanza kuelekea kwetu kutoka kaskazini-mashariki, na upande wa mlima unaoupokea ni ule wa Meru. Upepo hupanda, hupoa, huachilia maji. Novemba huwa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote mjini Meru. Kufikia Aprili upepo umegeuka, unatoka kusini-mashariki, nao mji wa Embu ndio uliouelekezea uso. Huko Aprili ndiyo yenye kilele. Mlima ni mmoja, barabara ni moja, ila mtoto wa Embu angejibu "masika" akapata, na wa Meru ajibu ukweli akose.

Nilipomweleza hivi mpwa wangu akacheka: "Basi mtihani utungwe na mlima."

Si mzaha mtupu. Jambo lililoikaza shida hii ni tafsiri. Waingereza walipokuja waliziita mvua za Machi "ndefu" na za Oktoba "fupi", wakizingatia muda wa msimu. Nasi tukatafsiri: masika ikawa "mvua ndefu" na vuli "mvua fupi", na punde si punde katika vinywa vya watu "fupi" ikawa "haba". Msikilize mtu yeyote sokoni: mvua fupi kwake ni mvua ya kubahatisha, na mvua ndefu ni ya kutegemea. Katika nyanda za chini za Tharaka na Mbeere, mambo ni kinyume kabisa. Mvua za Oktoba ndizo za kutegemewa. Za Machi ndizo zinazokuja na kukatika bila kuaga.

Mama yangu ana shamba Tharaka. Mwaka mmoja alikwenda kununua mbegu za mahindi mwezi wa Machi. Mwenye duka akamwambia, "Mama, chukua hizi, ni za mvua ndefu." Zilikuwa mbegu za nyanda za juu, zinazochukua zaidi ya miezi mitano kukomaa. Naye mama, aliyeijua mvua ya kwao tangu utotoni, safari hii aliliamini neno kuliko kumbukumbu yake. Mvua ilianza mwisho wa Machi, ikakata mwanzoni mwa Mei, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Tulilisha mbuzi. Jirani aliyepanda Katumani, ile mbegu ya muda mfupi iliyotoka Machakos, alivuna kidogo. Aliyepanda uwele alivuna zaidi.

Nimeutaja uwele makusudi. Wakikuyu, majirani wa Embu, huziita mvua za Oktoba kwa jina la "mwere", ambalo ndilo uwele wetu huohuo, na zile za Machi kwa jina la njahi. Wakamba nao wana "uua" kwa za Machi na "nthwa" kwa za Oktoba. Tazama walivyofanya Wakikuyu: jina la msimu linakuambia cha kupanda. Halikuambii kama mvua ni ndefu au fupi. Kwa maoni yangu, jina la aina hiyo lina elimu kubwa kuliko tafsiri yetu.

Kuna upungufu mwingine, wa Julai. Vitabu hutufundisha kipupwe, na pwani kipupwe ni ubaridi wa kupendeza baada ya masika. Nenda Embu au Imenti Julai ukaone. Wingu hukaa juu ya mashamba ya chai siku nenda siku rudi, manyunyu hayakomi, na mahindi yaliyovunwa hayakauki hata uyaanike wiki mbili. Watu husema tu "ni baridi" au "kunanyeshanyesha". Ilhali Kiswahili kina neno: mchoo, yaani mvua ndogo za Julai na Agosti. Najua kwa nini walimu hulikwepa, wanafunzi hulisikia wakaangua kicheko. Wacheke, kisha walitumie.

Mtu atauliza kama haya yana uzito wowote nje ya darasa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Mwisho wa 2023, mwaka wa El Niño, mvua za Oktoba hadi Desemba zilifurika. Wataalamu wa hali ya hewa hupata urahisi zaidi kutabiri msimu huu kuliko ule wa Machi, kwa sababu unafuata kwa karibu joto la maji ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kwa hiyo mkulima wa Meru ana bahati ya aina yake: msimu wake mkubwa ndio unaotabirika. Kisha redio inamtangazia kuwa ni "mvua fupi", naye anazima redio.

Sipendekezi tuifute vuli. Ni neno zuri, na pwani linafanya kazi yake. Ninaloomba ni kwamba watangazaji waache "ndefu" na "fupi", waseme "mvua za Machi" na "mvua za Oktoba". Na mtunzi wa mtihani aongeze neno moja katika swali lake: wapi.

Karatasi ya mpwa wangu bado iko mezani kwangu. Ameniomba niandike barua kwa mwalimu wake. Nimeianza mara mbili.